Ukimya wa Bwana Kizingiti

Juma lile ambalo wageni kutoka Masasi walitarajiwa kuja kumposa dada yangu Furaha, mjomba wangu Awadhi aliniita nyuma ya nyumba yake akaniomba nimsaidie kuugua.

Nilikuwa natoka kuchota maji, ndoo ingali kichwani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, kama mtu anayetaka salamu zipite ili jambo lenyewe lifike.

"Kuugua vipi, Mjomba?"

"Ugonjwa wowote wenye heshima. Wewe ndiye msomi. Tafuta ule ambao hauhitaji kupelekwa hospitali Newala, lakini mtu hawezi kuketi barazani na wageni."

Niliitua ndoo chini. Maneno yalikuwa ya mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

Kwetu Kitangari mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Baba yetu, Mungu amrehemu, alitulisha, akatusomesha, akatupenda. Hata hivyo, angekuwa hai siku ya posa angeketi pembeni akingoja neno la shemeji yake. Mambo ya walii na hutuba ya ndoa yana watu wake na siku yake. Posa ni ya mjomba. Akiwa hai na asizungumze, au akimtuma mtu mwingine azungumze kwa niaba yake, watu husema binti hajatolewa. Na likitokea jambo lolote katika ndoa ile, hata paa likivuja, lawama huirudia siku hiyo. Mama yangu ana kaka mmoja tu. Tena posa ilikwisha kuahirishwa mwezi wa Julai, Mjomba aliposema mgongo unamuuma. Wakwe wetu watarajiwa waliuliza hali ya mgongo kwa adabu. Wakiahirishiwa tena, wangeuliza mambo mengine.

Nilijua kwamba mgongo haukuwa na tatizo. Katika ukoo mzima, mimi peke yangu nilijua kinachomsumbua.

Mjomba Awadhi ni mwigizaji. Alianza akiwa mwanafunzi pale Chidya, ambako mwalimu mmoja alimpa nafasi ya mzee wa baraza kwa sababu sauti yake ilikuwa imezeeka kabla yake. Alipomaliza shule akashuka mlimani akaenda Dar es Salaam, akaingia katika kundi moja la sanaa la shirika la umma, enzi zile ambapo watu waliingia ukumbini jioni moja wakatazama ngoma, sarakasi na maigizo mpaka roho zikaridhika. Alizunguka mikoani juu ya lori, akilala juu ya magunia ya mavazi. Kisha akaingia redioni, na watu wakamjua kwa sauti. Televisheni ilipokuja, uso wake ukaifuata sauti, na kwa zaidi ya miaka kumi akawa Bwana Kizingiti, baba mwenye binti mzuri anayemkatalia kila mchumba.

Sifa ya Bwana Kizingiti ilikuwa ukimya wake. Wasemaji wa bwana harusi wakimaliza maneno yao matamu, yeye hujibu kwa kuwatazama tu, mmoja baada ya mwingine, polepole, hadi mtu aliye sebuleni kwake anaanza kutokwa jasho kwa niaba yao. Ndipo huangusha neno moja: "Hapana." Pale stendi ya Masasi vijana wa bodaboda walikuwa wakigombea kumbeba, kila mmoja akimwomba amkatalie jambo lolote, ili apate kusimulia.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nilikwenda kumtazama katika igizo kubwa jijini. Alikuwa anacheza hakimu mstaafu. Katika sehemu ya pili alisimama mbele peke yake, akafungua kinywa, na maneno hayakuja. Watu walianza kwa kupiga makofi, wakidhani ni ule ukimya wake maarufu. Makofi yakaisha. Nilikiona kidole gumba chake kikisugua mshono wa suruali, juu na chini. Mtu akakohoa. Kisha pazia likavutwa. Nilipomfikia nyuma ya jukwaa alikuwa ameketi juu ya kreti, akanitazama kama mgeni aliyepotea njia. "Usimwambie mama yako," alisema.

Daktari alisema ni umri na uchovu, wala si ugonjwa wa kutisha. Mjomba hakumsadiki. Alirudi Kitangari akisema amekuja kuihudumia mikorosho, na tangu hapo akawa mtu wa maneno machache. Mama, ambaye hakujua lolote, alifikiri kwamba kaka yake amemnunia kwa sababu ya mikorosho ya marehemu bibi, ambayo yeye Mama aliikata ili kuongeza vyumba. Akawa anampikia kwa uangalifu mkubwa, na hakuthubutu kumuuliza.

Basi nilimwambia Mjomba kwamba hataugua. Nilimwambia, kwa moto wote wa mtu anayesomea sanaa za maonyesho, kwamba kumbukumbu ni msuli, kwamba mazoezi hayamtupi mtu, na kwamba mimi mwenyewe nitamwandikia maneno ya kujibu posa. Furaha alipomdodosa mchumba wake, Sharifu, tukapata habari kwamba msemaji wao angekuwa Mzee Mahmudu, mtu anayejulikana Masasi nzima kwa kusemea posa, na kwamba daima huanza na habari ya mche wa mkorosho unaotafuta udongo mzuri. Nikaandika majibu juu ya miche, udongo, palizi na mavuno.

Mjomba aliyasoma mpaka mwisho. "Mwandishi wa igizo hili ana umri gani?"

"Miaka ishirini na miwili, Mjomba."

"Ameshaposwa?"

"Bado."

"Ndiyo maana watu wake wanazungumza kama Katiba."

Hata hivyo aliyachukua. Kila asubuhi tulikwenda shambani kuokota korosho za kwanza, yeye kwenye mstari wake na mimi kwenye wangu, harufu ya mabibo yaliyoiva ikitujaa puani. Nilisema maneno ya Mzee Mahmudu, naye akajibu. Mwanzoni alikwama kila mahali. Siku zilivyosogea, akaanza kujibu bila kuinua uso, mikono ikiendelea kuzitenganisha korosho na mabibo yake. Asubuhi ya mwisho alijibu yote, hata akanisahihisha pale nilipoliruka neno moja. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Wageni walifika baada ya sala ya adhuhuri, katika Coaster iliyofunikwa vumbi la mlimani. Mikeka ilikuwa imetandikwa barazani. Wanawake wa kwetu walikaa nyuma, mimi na Mama tukaketi karibu na mlango, na Furaha akawa ndani pamoja na baadhi ya mashangazi. Mjomba alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, akaketi mbele ya watu wake, mgongo umenyooka. Vijana waliofuatana na Sharifu walikuwa wakimtazama kwa woga wenye furaha. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Ndiye. Ndiye Kizingiti mwenyewe."

Mzee Mahmudu, mtu mfupi mwenye kofia iliyotariziwa, alimaliza salamu, akasafisha koo.

"Ndugu zetu, tumepanda mlima kutoka Masasi, na mlima wenu mnaujua. Njiani tumewaona akina mama na ndoo zao, tukakumbuka kwamba huku juu maji ni mali. Sasa tuna kiu. Na tumesikia kwamba ndani ya nyumba hii kuna mtungi, maji yake baridi, haujapata kuguswa na kata ya mtu. Tumekuja na kata yetu mkononi. Tunaomba kuchota."

Yalikuwa maneno mazuri, na wazee wa pande zote mbili walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini humo hamkuwa na mche, wala udongo, wala palizi. Nilimtazama Mjomba. Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha kidole gumba kikaanza kuisugua kanzu juu ya goti, juu na chini.

Mjomba aliinua macho akamtazama Mzee Mahmudu, akamtazama aliye kando yake, kisha Sharifu. Nilielewa kwamba alikuwa anatafuta maneno katika nyuso zao. Wao hawakuelewa hivyo. Wao walikuwa wameuona ukimya huo kwa miaka kumi, na walilijua neno linaloufuata.

Mzee Mahmudu alitabasamu. Tabasamu likachoka. "Ningependa kuongeza," akasema, "kwamba sisi si watu wa kumwaga maji. Mtungi huu tutauweka kivulini."

Mjomba alimtazama.

"Binti, tumesikia anasomea uuguzi. Ataendelea na masomo yake. Hilo hata halina mjadala."

Mjomba aliendelea kumtazama.

"Na kwa kuwa tumezungumzia maji," alisema Mzee Mahmudu, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, "kabla bibi harusi hajaingia, Sharifu atakuwa ameweka mifereji kwenye bati zote, na tangi. Tangi kubwa."

Sharifu aliinua kichwa ghafla akamtazama msemaji wake. Ilikuwa dhahiri kwamba habari ya tangi anaisikia pale pale pamoja nasi.

Nyuma yangu shangazi mmoja alipumua kwa kupendezwa. "Anaijua kazi yake, huyu."

Mama alinifinya. "Mwambie inatosha," alinong'ona. "Atawafukuza watu. Kwa nini ananifanyia hivi?"

Sikuweza kumwambia. Nilikuwa nikiyasogeza midomoni yale maneno yangu ya miche, bila sauti, kana kwamba yangeweza kuruka baraza yakamfikia, na hata yangemfikia yasingefaa kitu. Mzee Mahmudu alikuwa ameishiwa. Alijifuta uso kwa leso, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi," alisema polepole, "kama jibu ni lile la kwenye televisheni, tuambieni mapema. Mlima ule haufai kushukwa na giza."

Mmoja wa wajomba wa Sharifu akaanza kuvuta viatu vyake kwa mguu.

Hapo ndipo Bi Hamida alipoinuka. Alikuwa bibi yake Sharifu, mwembamba, amejifunga kanga mbili, na tangu afike hakuwa amesema neno isipokuwa kuomba maji ya kunywa. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu zamani za wazee wa wazee wetu. Mtani husema anachotaka, msibani au harusini, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Alipita katikati ya mikeka akiwaruka wanaume miguu, akaja akaketi mbele ya Mjomba, magoti yao karibu kugusana.

"Wewe Kizingiti," alisema. "Miaka yote nimekutazama nikiapa kwamba siku nikikupata nitakuchapa. Unawanyima watoto wa watu wachumba, sura yenyewe kama korosho iliyoungulia kwenye kikaango. Nani alikupa wewe mke?"

Watu walicheka kidogo, kwa tahadhari.

"Mbona husemi? Wamekukatia umeme?" Akamsogelea zaidi, akamchungulia usoni. "Au umesahau maneno?"

Mjomba alimtazama. Kidole kilisimama.

"Nimesahau," alisema.

Baraza zima liliangua kicheko, upande wao na upande wetu. Mzee Mahmudu alicheka mpaka kofia ikamteleza. Mjomba alingoja wamalize, kwa ule ustadi wake wa kujua kicheko kinaishia wapi, kisha akasema tena kwa sauti ya chini iliyofika hadi mlangoni.

"Nimesahau kweli, mtani. Mpwa wangu kanifundisha maneno mazuri sana, ya miche. Huyu bwana kaja na mtungi. Nimetafuta kichwani, sikuona kitu. Sikuwa nakataa. Hata Dar es Salaam yalinitoka hivi hivi, nimesimama mbele ya watu, mpaka wakanifungia pazia. Ndicho kilichonirudisha huku. Si mikorosho."

Nilihisi mkono wa Mama, uliokuwa umenishika, ukilegea. Hakuna aliyecheka. Nilijiona nimesimama tena nyuma ya lile pazia, nami sikujua nifanye nini, kama ambavyo sikujua siku ile.

"Ni hayo tu?" aliuliza Bi Hamida.

"Ni hayo tu."

"Mimi juzi nimemtafuta mbuzi kijiji kizima, kamba yake ninayo mkononi, na mbuzi yuko kwenye kamba. Huyu anayeoa, nikitaka kumtuma, naita majina ya ukoo wote mpaka mmoja aitike. Na bado wanaoa, na bado wanaolewa." Akamgeukia Mzee Mahmudu. "Na huyu naye, heri angesahau. Tangi hakutumwa na mtu."

Sasa kicheko kilikuja bila tahadhari. Sharifu mwenyewe alijificha uso kwa viganja, mabega yakitikisika.

"Haya, sikiliza," Bi Hamida alimwambia Mjomba. "Mimi nitakuwa nakukumbusha. Sema, 'Nimewasikia.'"

"Nimewasikia."

"Sema, 'Binti ni wetu.'"

"Binti ni wetu."

"Sema, 'Watani wetu hawa wana sura nzuri na mioyo mizuri.'"

"Mioyo nitasema," alijibu Mjomba. "Kwenye sura utanisamehe, mtani, sijapata kusema uongo nisioandikiwa."

Ilibidi tungoje kwa muda mrefu ndipo watu wakatulia. Bi Hamida alikuwa anampiga begani kwa kiganja, akifuta machozi kwa upindo wa kanga. Na Mjomba, bila kukumbushwa na mtu, akaendelea. Hakuwa anazungumza kwa ile sauti ya redioni. Alizungumza kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni.

"Furaha alizaliwa nikiwa Tabora na kundi. Nilimwona ameshaota meno. Nimekuwa baba wa mabinti wengi wa kuigiza, nikawakatalia wachumba, na watu wakapiga makofi. Huyu ni wa kweli, ni mtoto wa dada yangu, na sina sababu ya kumkatalia. Habari ya mtungi naiacha. Mtungi hauulizwi. Yeye aulizwe. Akisema anamtaka Sharifu, mimi nasema ndiyo, na ukoo wangu umesema. Akisema hamtaki, tangi libaki Masasi."

Shangazi aliingia ndani kuuliza, kama inavyotakiwa. Hakuhitaji kurudi na jibu, maana sote tuliisikia sauti ya Furaha kupitia pazia la mlango.

"Namtaka," alisema. "Na tangi pia."

Vigelegele vilipanda. Mzee Mahmudu alisema al-hamdu lillahi mara kadhaa mfululizo, na yule mjomba wa Sharifu akavisukuma viatu vyake mbali kwa mguu ule ule. Mimi nililia, jambo ambalo sikulikusudia, huku shangazi akiniuliza kama mimi ndiye ninayeolewa.

Chakula kilipopakuliwa, Mama mwenyewe alichukua sahani ya Mjomba, akapita katikati ya wageni akampelekea. Nilimfuata na birika la kunawisha. Aliiweka sahani mbele yake, ming'oko, vile viazi vya porini, na kuku wa kienyeji, akabaki amechuchumaa.

"Kwa hiyo hukuwa umeninunia."

"Nikununie kwa nini, Mama Furaha?"

"Mikorosho ya Mama. Ile niliyoikata."

Mjomba alifikiri kwanza. "Ile ya nyuma ya nyumba? Mbona ile haikuwa ikizaa tangu nikiwa Chidya."

"Miaka miwili, kaka. Nakupikia kwa hofu kila siku."

"Kumbe ndiyo maana chakula kilikuwa kizuri."

Mama alimtazama kwa ukali aliokuwa amejinyima kwa miaka miwili. Kisha akamwambia anawe mikono, kuku anapoa. Mjomba alinawa, akala, akaomba ming'oko zaidi, na Mama alipoileta alikuwa anaimba chini kwa chini kwa Chimakonde.

Nilipokuwa nakusanya vyombo, Mzee Mahmudu alinisimamisha akaniuliza, kwa udadisi wa fundi kwa fundi, ni maneno gani yale ya miche. Nikamsomea kidogo. Alisikiliza kwa makini, akasema ni maneno mazito, na kwamba yeye habari ya miche aliiacha tangu mwaka jana, baada ya mzee mmoja wa Nanyumbu kumuuliza mbele ya watu kama amekuja kuoa au kulima. Aliniomba nakala hata hivyo. Nilimpa karatasi zote.

Alasiri, mazungumzo yalipohamia kwenye tarehe ya ndoa, tuligundua kwamba Mjomba haitikii. Alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, kofia imemshukia usoni, kinywa wazi, amelala fofofo katikati ya watu wote wale. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikiisikia redio yake ikiwaka kabla ya alfajiri, nikajua halali. Mama alivua kanga yake ya juu akamfunika kifuani. Mmoja wa vijana alisema ni vema aamshwe, kwa kuwa tarehe haiwezi kupangwa bila mjomba.

"Mwacheni," alisema Bi Hamida, akishusha sauti kwa mara ya kwanza siku ile. "Ndiyo tumeshaipata. Mkimwamsha atabadilisha jibu."

Wazee waliendelea kupanga tarehe kwa kunong'ona.